Miguu ya Papa Pembeni mwa Picha

Enzi zetu kule Mangobo, Kisangani, mtu hakupigwa picha kabla ya kuoga. Mliokuwepo mtacheka: poda usoni hadi shingoni, viatu vya kuazima, halafu unasimama mbele ya pazia lililochorwa ndege, umejikaza utadhani unangoja sindano. Filamu moja ilikuwa na picha kumi na mbili tu, na kupata nyingine ilibidi kungoja meli kutoka Kinshasa. Ukifumba macho, basi, umefumba. Wajukuu watakuona hivyo ukutani.

Papa yangu alikuwa mpiga picha, na masharti ya kazi yake tuliyajua kabla ya kujua kuzidisha. Mtu hakatwi kwenye goti. Juu ya kichwa acha nafasi ya vidole viwili. Mtoto mpige ukiwa umechuchumaa, na mkubwa usimpige kutoka juu, utamfanya mfupi. Kila mara alimalizia kwa lile lile: "Riziki, angalia pembe zote ine kwanza, kiisha ubonyeze."

Siku moja komiseri mpya wa zone, yaani mkuu wa serikali wa eneo letu, alikuja kupokelewa shuleni kwetu. Sisi watoto tulikuwa tumecheza na kuimba sifa za Rais tangu asubuhi, mpaka makoo yakakauka. Komiseri alisimama mbele ya ubao ndani ya abacost mpya, ile suti isiyo na tai, walimu na wakubwa wa Chama cha Rais wamejipanga pande zote, na ukutani juu yake Rais mwenyewe katika fremu, na kofia yake ya chui. Darasa lilikuwa jembamba, watu hawakuenea. Papa akavua viatu, akapanda juu ya meza ya mwalimu, akapiga mara moja. Filamu ikaishia hapo.

Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni nyuma ya meza, karibu na mfuko wake. Ndani mlikuwa na kamera yake ya zamani, ile ya kushika tumboni ukainamia kioo chake. Nilikatazwa kuigusa, nami nikaigusa. Kioo kile kilionyesha mambo kinyume, kulia kukawa kushoto, kwa hiyo kadiri nilivyojitahidi kuitoa meza kwenye picha ndivyo ilivyozidi kuingia. Nikabonyeza hivyo hivyo, nikairudisha mfukoni. Hakuna aliyeniona.

Komiseri aliitaka picha yake saa kumi jioni ile ile. Papa alijifungia chumbani, madirisha yamefunikwa mablanketi, nami nikawa nasukasuka bakuli la dawa ya kusafishia picha kama alivyonizoeza. Nilipenda sana saa ile, sura zinapoibuka polepole kwenye karatasi. Ukaja ubao. Wakaja walimu. Komiseri akaja mdogo, kichwa kikubwa na miguu mifupi, kama mtoto aliyevaa nguo za baba yake. Juu yake, ukingo wa picha ulikuwa umempita Rais shingoni. Ilibaki kola tu. Kichwa hakikuwepo, wala kofia.

Papa aliketi juu ya ndoo.

Vijana wa leo hawawezi kuelewa. Jirani yetu alikuwa amefungia samaki kwa gazeti lenye sura ya Rais, wakaja kumchukua, na aliporudi hakusalimia tena mtu. Na hapa papa alikuwa amemkata Rais kichwa, tena kwa kamera, tena mbele ya Chama kizima.

"Papa Riziki, utasema nini kwa bale bantu ba komiseri?" mama aliuliza mlangoni. Lituma yake ilikuwa inapoa mezani, ndizi zilizotwangwa vizuri, na hakuna aliyezigusa.

"Sikuangalia pembe."

Niliogopa fimbo. Lakini niliogopa zaidi kumwona papa ameketi tu saa ya kazi, maana sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nikasema: "Papa, iko ingine. Ni miye nilipiga. Na ile apareyi ya zamani."

Akainuka kwenye ndoo. "Leta."

Filamu ilikuwa bado kwenye dawa mjumbe wa komiseri alipobisha. Mama akamkalisha barazani, akamletea chai, akamwuliza habari za watoto wake mmoja mmoja. Tulimsikia akijibu kwa ufupi, kisha kwa ufupi zaidi. "Mama, komiseri iko na ngoja," alisema. Ndani, karatasi ilianza kupata weusi. Komiseri akaibuka mrefu, kifua mbele, maana nilikuwa chini. Juu yake akaibuka Rais, kichwa, kofia na yote. Na pembeni, mbele kabisa, ukingo wa meza na miguu miwili mitupu ya papa.

Papa alichukua wembe na rula, akajikata mwenyewe miguu. Mjumbe aliipokea picha ikiwa bado mbichi, akamkagua Rais kwanza, halafu komiseri.

"Bon. Citoyen, hii iko photo," akasema; citoyen, yaani raia, ndivyo Chama kilivyotaka tuitane.

Ile nyingine tuliichoma pamoja na filamu yake. Fimbo nilizipata, mbili, za kugusa kamera. Kisha papa akanipa kile kipande alichokikata. "Hata weye haukuangalia pembe," akasema, na ndipo alipocheka.

Siku hizi wajukuu wangu wanainua simu juu ya vichwa vyao, midomo imebanwa, wanajipiga kutoka juu. Sahani moja ya pondu, kisamvu chetu, inapigwa picha arobaini kabla ya kuliwa. Wanamkata yeyote kichwa na kufuta, na hakuna anayekuja kubisha mlangoni. Kwa hilo nawaonea wivu, nasema wazi. Lakini papa alikufa bila mtu yeyote kumgeuzia kamera, hata mimi. Juzi mjukuu wangu aliniuliza papa yangu huyo alikuwa na sura gani, nikamtolea kile kipande. Akakipiga na simu yake, akaanza kuikuza picha kwa vidole viwili, akiivuta chini, chini tena, ili apande juu ya ile miguu autafute uso.