Hofu iliyomhamishia mtoto Marui

Saa tatu asubuhi, barazani kwake Kongowe, Kibaha, Zuwena Mwinyimadi anasuka mistari. Akimaliza mmoja anatulia, anavuta pumzi taratibu, ndipo anashika mwingine.

"Leo hunikimbii?" mteja wake, Laurensia, anamtania.

"Kaa hivyohivyo shoga. Mguu mmoja ushafika mlangoni."

Wanacheka. Mwaka jana Zuwena alimkimbia kweli. Alikuwa amefika nusu ya kichwa, mara moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, jasho likamtoka, pumzi ikakataa kushuka.

"Nilijua nakufa. Nikatupa kitana, nikatoka mbio," anasimulia.

Baada ya dakika chache hali ikatulia, kama vile hakukuwa na kitu. Laurensia akaenda harusini na kilemba.

Hali ile ikamrudia sokoni, ikamrudia msibani. Hospitalini wakampima moyo, wakamwambia ni mzima. Ndugu wengine wakasema pepo, wengine wakasema anadeka. Zuwena akaacha kwenda sokoni, akaacha shughuli za watu, mwisho akaogopa hata kumbeba mwanawe Hamisa, asije akaanguka naye. Mama yake akaja kutoka Marui, Kisarawe, akamchukua mtoto.

"Nguo zake nilizifungasha mwenyewe," anasema.

Muuguzi wa afya ya akili, Eugenia, ndiye aliyemuuliza, "Dada, ikishapita, unaishije?"

"Naishi naingoja nyingine."

Kwa Eugenia, jibu hilo lilitosha kutambua kuwa ni ugonjwa wa hofu. Anasema maumivu ya kifua na kukosa pumzi ni vya kuwahi kupimwa, si vya kubahatisha. "Lakini vipimo vikiwa safi, na hofu inarudi ghafla bila sababu, mpaka unaacha kazi, unakwepa watu, usikae nyumbani ukisema utazoea. Njoo. Inatibika."

Zuwena sasa anatumia dawa na kuhudhuria ushauri. Kwa siku anasuka vichwa viwili. Zamani vilikuwa vitano.

Jioni hupiga simu Marui. Juzi simu ilipokewa na Hamisa, mwenye miaka mitatu.

"Mwanangu, ni mama."

"Mama yuko shamba," mtoto akajibu. Alimaanisha bibi yake.

"Nikacheka kwa nguvu, asinisikie nalia," anasema Zuwena.

Mwezi ujao anataka kwenda Marui peke yake. Tangu augue hajavuka Kibaha.

"Sitamchukua siku hiyo. Nitakaa, anizoee. Nikimbeba nikaanza kutetemeka, nitakaa naye chini, palepale, mpaka ipite."