Gari Inayomkumbuka Hisham

Saa tano asubuhi, jua limefika upande mmoja tu wa uchochoro wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Thuwaini Talal anafungua mlango wa gari tupu iliyoegeshwa mdomoni mwa uchochoro. Kabla hajaingiza mguu, anatoa salamu.

"Assalaam alaykum," anasema, kisha anangoja kidogo, kama mtu aliyepiga hodi.

Wapita njia wameshamzoea. Wenye kupenda mzaha humuuliza kama gari imeitikia. Yeye hucheka nao, lakini hajaacha.

"Nyumba tupu ukiingia si unaitolea salamu?" anauliza. "Basi na hii mtu kakaa ndani yake miaka. Hujui kaacha nini."

Thuwaini, mwenye umri wa miaka arubaini na sita, anafanya kazi ambayo Unguja nzima haijapata jina lake. Anarekebisha visanduku vya umeme vinavyoamrisha gia za gari za otomatiki, ili gia ziweze kuhimili injini yenye nguvu kuliko ile ya kiwandani. Kisanduku hicho watu wamekiita ubongo, na yeye, masikini, wakamwita Daktari wa Vichaa.

Alianza na redio, mwaka 1985, katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake, anamofanyia kazi hadi leo. Redio za bei nafuu zilipojaa madukani, watu waliacha kutengeneza wakawa wanatupa. Bahati nzuri, gari kuukuu za Dubai zilikuwa zimeanza kumiminika bandarini, na wenye kuchukua watalii wakaingiwa na tamaa: injini ndogo inatolewa, kubwa inatiwa, giaboksi inabaki ileile.

"Ni kumtwisha mtoto gunia la mtu mzima," Thuwaini anasema. "Hatosema kitu. Atavunjika tu."

Ndani ya giaboksi mna visahani vinavyobanwa kwa presha ya mafuta. Injini ikivizidi nguvu, visahani huteleza na kuungua. Thuwaini hufungua ubongo na kulehemu humo rizista, kile kipande kidogo alichozoea kukitia kwenye redio. Umeme unaokwenda kwenye vali hupungua, mafuta huja kwa presha kubwa, visahani vinakamata. Mwezi mzuri hupata gari nne. Mwezi mbaya hurudi kwenye pasi na feni za majirani.

Kazi yenyewe haimtishi. Kinachomtisha ni kwamba ubongo unajifunza. Siku baada ya siku humsoma dereva, kama mguu wake ni mzito au mwepesi, kama ana papara au subira, na gia hubadilika kwa kumfuata yeye. Na aliyetangulia kusomwa, anayemfuata hamfuti upesi. Ukichomoa waya wa betri, yote yanafutika. Na kulehemu bila kuchomoa hakuwezekani.

Gari aliyoisalimia leo ni ya marehemu Hisham, dereva wa watalii wa Jang'ombe. Aliitia injini kubwa mapema mwaka huu wa 2002, apate kupasua mchanga wa pwani ya Bwejuu akiwa na abiria wake wote. Hata hakuifaidi. Aliugua, akafa. Sasa anaiendesha shemeji yake, Jaku, na ndiyo inayolisha nyumba ya dada yake na watoto wawili. Wiki hii imeanza kutoa harufu ya kuungua.

"Ikifa giaboksi, tumekufa sote," anasema Jaku, aliyeileta, na hatanii.

Lakini mjane, Bi Mwatima, kakataza gari isiguswe. Ndiyo maana Thuwaini anaiwasha na kwenda na Jaku Jang'ombe, kusema na mjane mwenyewe.

Njiani anasikiliza gia. Mguu wake ni mzito, anaujua, lakini gari inabadilisha gia mapema na kwa ulaini, kama inaendeshwa na mtu mpole. Anakanyaga zaidi, nayo inakwenda kwa adabu zake. Wakikaribia kona ya duka la mkaa, gia inashuka yenyewe, injini inatoa mguno mrefu, na gari inapunguza mwendo huku mguu wa Thuwaini ungali kwenye mafuta.

"Hufanya hivi kila siku?" anauliza.

"Kila siku. Hapa hapa," Jaku anajibu, macho yake mbele.

Thuwaini anasoma Ayatul Kursi, aya ya kinga, mpaka mwisho. Baadaye ataeleza kwamba ubongo haujui njia, unajua mguu tu, na kwamba mambo yote mengine ya gari ile anaweza kuyafafanua isipokuwa kona hiyo. Ataeleza huku akifuta mikono ambayo haina mafuta.

Wanapofika, mtoto mdogo wa marehemu, Ummy, ameshasimama mlangoni. "Baba kaja!" anaita. Kisha anamwona aliyeshika usukani, anarudi ndani polepole.

Bi Mwatima yumo edani. Hatoki nje mpaka miezi minne na siku kumi zitimie, na gari ya mumewe hajaitia machoni tangu msiba. Anaisikia tu. Anazungumza na fundi kutoka nyuma ya pazia la mlango wa ndani, nduguye, Jaku, akiwa kakaa kando.

"Shikamoo, Bi Mwatima," Thuwaini anasema, ingawa huenda wanalingana umri. Sauti ya mfiwa humfanya mtu ajione mdogo.

"Marahaba, fundi. Umeisikia pale konani?"

"Nimeisikia."

"Alikuwa akipunguza pale ili nsikie, nteleke chai. Miaka yote. Sasa kila magharibi nnaisikia, na mkono wangu unakwenda kwenye birika wenyewe. Nakuomba, fundi. Msimzime."

Thuwaini anainamisha kichwa. Msimzime, kasema. Gari angesema msiizime, kama watu wote wasemavyo. Jaku naye kasikia, maana anajifuta uso kwa kiganja.

Nje kuku wa jirani wanaparura. Fundi angeweza kumdanganya. Angeichukua gari, akafanya kazi yake, akasema imeharibika yenyewe. Anakiri kwamba wazo hilo lilimpitia, na lilimtia haya.

"Bi Mwatima, nkikuficha ntakuwa nimekudhulumu," anasema hatimaye. "Visahani vinaungua. Nkiiacha, hazipiti wiki nyingi, itasimama njiani na mguno huo hutousikia tena. Wala watoto hawatokula. Nkiifanya, gia zitakamata kama koleo. Lakini itasahau."

"Yote?"

"Yote."

Pazia linatikisika kidogo. Upepo haupo.

"Basi Jaku akaizungushe mara moja tu," Bi Mwatima anasema. "Nlikuwa sikumuaga. Alifia hospitali, mie nko hapa nampikia uji."

Jaku anatoka. Gari inasikika ikienda, inapotea, inarudi. Konani inashuka gia, inaguna. Nyuma ya pazia Bi Mwatima anasema kitu kwa sauti ya chini. Kinachosikika mwishoni ni, "Nimekuridhia. Nenda." Thuwaini anaangalia sakafu na machozi yanamtoka bila ruhusa yake.

Anatoka nje, anafungua boneti, anachomoa waya wa betri. Hakuna kilichotokea. Taa ndogo ya saa imezimika, basi. Anatoa kisanduku chini ya dashibodi na kukifunga kwenye shuka yake ya begani, atakilehemu Mkunazini.

Anaporudi ndani na Jaku kuaga, Bi Mwatima anauliza, "Sasa inamjua nani?"

"Haimjui mtu. Itamjua Jaku, akiiendesha siku mbili tatu."

"Na mie, nkitoka eda, nkajifunza kuendesha?"

Jaku anamgeukia dada yake kwa mshangao. Hajawahi kumsikia akitaja usukani maisha yake yote. Kumbe kashafikiri: watoto wake, Afra na Ummy, awapeleke skuli mwenyewe, na wageni wa Bwejuu awachukue mwenyewe, nduguye apate kuoa na kushughulika na yake.

Thuwaini anasema siku eda itakapokwisha atakuja na bisibisi yake, achomoe tena ule waya bure, gari ianze na mguu wa Bi Mwatima. Jaku anauliza kama kuna haja ya usumbufu wote huo.

"Iko haja," anajibu Bi Mwatima. "Sitaki inifananishe na mtu."