Maziwa ya Violeti

Hadi leo wanawake wa soko la Shari wakiniona wanafunika midomo kwa vikwembe walivyojifunga, na siwezi kuwakasirikia, maana mdomo ule niliupaka rangi mimi mwenyewe, tena mara mbili, kwa kuwa mimi kila kitu huhakikisha mara mbili.

Ilianzia kwa mama muganga wa meno. Meno ya mbele ya binti yangu Riziki yalikuwa yameanza kuoza kabla hata hajaacha kunyonya, nami nikataka kujua mikrobe, vile vijidudu vya kuozesha, zinaingiaje mdomoni mwa mtoto aliyezaliwa bila jino. Yule mama akachovya pamba katika dawa ya kahawia, akampaka mtoto meno polepole, halafu akaniuliza buyi yake, uji wake ule wa moto, huwa naipoza namna gani. Nikamwambia naonja na kijiko, kisha nampa na kijiko kile kile (sasa kuna namna ingine?).

"Basi mama, zinatoka kwako," akasema. "Weye piga meno mswaki, mutoto apate kijiko chake, na dawa hii uniachie mimi."

Nilitoka pale nawaza. Kama kisima cha mikrobe ni mimi, kwa nini dawa iishie kwa mtoto? Sokoni nikamkuta muuza dawa ana violeti, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, akaniapia inaua mikrobe zote. Nikabishana naye mpaka akachoka, akanipa chupa kubwa kwa bei ya ndogo, na nilipofika nyumbani nikapaka meno, ufizi, ulimi, nikarudia, ndipo nikakumbuka kujitazama kwenye kioo: mdomo wote zambarau.

Ndimu haikutoa. Chumvi haikutoa. Majivu yaliongeza uchafu tu.

Na siku ile ile wakwe walikuwa njiani kutoka Aveba kuja kusema dote, yaani mahari, ya mdogo wangu Neema, na msemaji wa familia ni mimi, kwa kuwa hakuna anayenishinda kupatana bei. Kuahirisha haikuwezekana: barabara ilikuwa imetulia, bila risasi, juma lile, la mbele hakuna aliyelijua. Neema aliniangalia mimi dada yake mkubwa, akasema tu, "Yaya, usicheke. Hata kidogo."

Sikucheka. Nilisema na kikwembe mdomoni kama mwenye jino bovu, mazungumzo ya ng'ombe yakaenda vizuri, hadi maziwa yakaletwa. Sasa kwetu msemaji huonja kwanza mbele ya wageni, waone hakuna sumu, na wakati ule, watu wametoka tu kuogopana, hakuna aliyethubutu kuiruka hatua hiyo. Nikageuka pembeni, nikaonja kidogo kabisa, nikampa baba wa bwana arusi kikombe. Akakitazama. Alama ya mdomo wangu imebaki ukingoni, na uzi wa violeti unaogelea kwenye maziwa meupe.

Akakiweka chini. Vijana aliokuja nao wakasimama. Neema akaanza kulia bila sauti.

Nikashusha kikwembe, nikafungua mdomo wote, nikaeleza kila kitu: kijiko, mate, mikrobe, chupa. Muzee akainama akanichungulia ulimi kama mtu anayenunua mbuzi.

"Kumbe mate iko inabeba yote ile?"

Nikasema ndiyo, muganga ndivyo alivyoniambia.

"Na weye mwenye mate hiyo ndiye umetuonjea maziwa?"

Shangazi wa bwana arusi ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, kisha kila mmoja akadai kikombe chake. Muzee akapunguza ng'ombe mmoja, eti wa kulipia woga, nami kwa mara ya kwanza maishani sikubishana.

Neema ameolewa. Riziki ana kijiko chake, na dawa ya kahawia anapakwa na muganga mwenyewe. Ile chupa bado imejaa karibu yote. Anayeitaka aje aichukue bure, sipatani.