Maganda Kwenye Nywele za Beki

Harufu ya mbegu za alizeti zilizokaangwa kwa chumvi hunichafua roho. Nasema hivi kwa haya, maana ni riziki halali, na Wamoroko wa mtaa wetu wa Molenbeek, hapa Brussels, wanajua kuzikaanga. Muuza duka wa chini ya nyumba yangu, mtu mwema kabisa, huninyooshea kiganja kimejaa: "Haji, onja, bado za moto!" Mimi huweka mkono kifuani, nikamshukuru, nikatoka. Anadhani ni mambo ya meno ya uzee. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu, mtu wa Buyenzi pale Bujumbura, alipata nafasi ya kusomea dini katika mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini, akatuchukua mama na mimi. Mji wenyewe sitautaja, kwani kusengenya mji mzima ni dhambi kubwa kuliko kusengenya mtu, na mkate wao tuliula miaka mitatu. Shuleni nilikuwa mweusi peke yangu. Sikupigwa, Alhamdulillahi. Ila wakati wa kuchagua timu nilibaki mwisho, pamoja na mtoto mmoja mwenye mguu mbovu, na yeye alichaguliwa kabla yangu. Kwa hiyo nilikuwa na haja moja tu duniani: wanihesabu kuwa mwenzao.

Jirani yetu alikuwa fundi viatu, Ammi Salah. Ammi ndivyo watoto wa kule wanavyomwita mtu mzima, kama baba mdogo. Ijumaa moja alitupeleka uwanjani, mimi na mwanawe Nabil. Timu ya mji wetu ilikuwa daraja la chini sana, na siku ile ilicheza na timu ya mji wa ng'ambo ya kilima, maskini kama sisi. Atakayefungwa angeshuka tena, ingawa sijui chini zaidi ya pale kulikuwa na nini.

Uwanja ulikuwa wa vumbi, umezungushiwa waya. Kila mtu alishika bomba la karatasi lenye mbegu za alizeti, na midomo mia kadhaa ilipasua maganda kwa pamoja, ta, ta, ta, kama mvua nyepesi juu ya bati. Maganda yalitemwa popote. Yalinata kwenye viatu, kwenye suruali, yamelowa mate.

Beki wa kulia wa wageni alikuwa mtu wa jangwani kusini, mweusi kama mimi. Alicheza upande wetu, hatua tatu kutoka kwenye waya. Kila alipofuata mpira, watu walikusanya mate na maganda mdomoni, wakamtemea. "Mtumwa!" walimwita. "Ee mtumwa, bwana wako yuko wapi?" Ammi Salah, aliyekuwa akinipa pipi kila nikipita dukani kwake, alitema mbali kuliko wote, akasifiwa kwa hilo. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Wageni walikuwa wanaongoza kwa bao moja ilipofika mapumziko, na hapo hapo ikaadhiniwa Alasiri. Kule ilikuwa desturi: geti la waya likafunguliwa, wachezaji na watazamaji wakapanga safu kwenye vumbi. Nilijikuta kati ya Ammi Salah na yule beki. Aliona sina cha kusujudia, akasogeza taulo lake, tukagawana. Miguu yetu iligusana kama sunna inavyotaka. Tuliposujudu niliona, karibu na jicho langu, maganda yamenata kwenye nywele zake, nyuma ya sikio, bado mabichi.

Baada ya salamu Ammi Salah alinyoosha mkono juu ya kichwa changu, akampa yule beki. "Mungu akutakabalie."

"Atutakabalie sote," beki akajibu.

Kisha Ammi Salah akarudi nyuma ya waya, akafungua bomba jipya la mbegu.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile. Sijaona bado mlango ambao swala ile ingepitia kwenda mbinguni.

Kipindi cha pili matusi yalizidi, maana bado tulikuwa nyuma. Nabil alinipiga kiwiko. "Mbona wewe kimya? Au ni kaka yako?"

"Muulize, labda ni baba yake!" akasema mwingine nyuma yetu.

Wakacheka. Hata yule mwenye mguu mbovu alikuwepo, akacheka. Nikashika waya kwa mikono miwili, nikapiga kelele kwa sauti yangu nyembamba ya madrasa, iliyozoea kusoma kwa nguvu: "Mtumwa!"

Watu waliangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena. Ammi Salah alininyanyua mabegani. "Mwaona? Huyu si kama yule. Huyu ni wetu!" Mikono ikanipigapiga mgongoni. Beki aligeuka, akaniona juu kule, akanitambua. Hakukasirika. Aliinamisha macho upesi, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake yuko uchi. Nilidhani ametuogopa.

Nilifika nyumbani ninaruka. Nikamsimulia baba kila kitu, na mwisho nikasema, "Baba, wamesema mimi ni wao!" Baba hakunipiga. Alichota maji kwa kopo. "Sukutua." Nikasukutua. "Tena." Mara tatu, kama udhu. Nilifikiri ni kwa ajili ya chumvi ya zile mbegu.

Jumatatu shuleni nilichaguliwa wa tatu. Nililala na furaha ile wiki nzima, na kwa miaka mingi niliihesabu siku ile kati ya siku njema za utoto wangu. Hilo ndilo linalonitapisha, kuliko mate ya wale wazee.

Tulirudi Bujumbura, vita vikaja, nami Mungu akanifikisha Brussels. Nilifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya kulea wazee, mtaa wa Anderlecht. Asubuhi moja nilikuwa namvisha soksi bibi mmoja wa Kibelgiji, huku mwenzangu Mmoroko akipangusa sakafu ya ukumbi, mlango wazi. Bibi akanishika mkono kwa upendo. "Wewe si kama hawa," akasema, akimwonyesha kwa kidevu. "Wewe ni wetu."

Nawaapia, moyo ulipata joto. Joto lile lile la mabegani kwa Ammi Salah, na mimi nina mvi. Hapo ndipo nilipomwelewa baba na kopo lake, na hapo ndipo nilipojua yule beki hakuogopa mtu: alikuwa akinistiri, mimi niliyekuwa uchi mbele ya uwanja mzima wala sijui.

Mwenzangu alikuwa ameacha kupangusa. Alikuwa akisikiliza nitajibu nini.

"Hapana, madame," nikasema. "Mimi ni kama hawa."

Bibi akacheka, akidhani ninatania. Nikamvisha soksi ya pili, nikarudia, kwa sauti ya kufika ukumbini.