Karatasi za Zawadi na Paa la Matete

Tangu alipoona nyumba ya shangazi yake ikiteketea, Hester Yeo, mtunzaji wa nyumba ya kale ya wageni iliyoezekwa kwa matete, hakuwahi kuuamini moto. Asubuhi ya Krismasi aliona cheche zikiruka kutoka kwenye dohani. Akaingia kwa familia iliyopanga humo bila kubisha hodi.

“Mnachoma nini?”

“Karatasi za zawadi tu, mama,” mgeni alicheka. “Mbona umepauka hivyo?”

“Watoe watoto nje, baba! Hilo paa ni kiberiti!”

Alifunga jiko la kuni lisipate hewa, akatoka nje bustanini kulitazama paa. Cheche ya mwisho ilitua kwenye matete yaliyoloa mvua ya jana, ikafifia.

“Njoo basi unywe chai,” mgeni alimwomba kwa unyonge.

“Niletee hapahapa,” alijibu, asibandue macho kwenye paa.