Mrina Asali Aliyekufa Katika Kitabu cha Pili

Kabla kitabu changu cha pili hakijatoka, kulikuwa na kipindi kirefu ambacho sikuweza kupita gulioni Ilongero bila mtu kuniuliza kinatoka lini. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika sekondari ya hapo. Wanafunzi waliuliza, wazazi wao waliuliza, na kijana wa bodaboda aliyezoea kunipeleka mjini aliuliza kila nilipopanda, kana kwamba kitabu kinaiva jikoni kwangu na mimi nachelewesha kupakua makusudi.

Kitabu cha kwanza kilikuwa riwaya ya kutisha. Kilimhusu mrina asali, mpiga mluzi kila aingiapo porini, aliyepotea katika vichaka vya Itigi. Vichaka havikumuua, vilimgeuza. Aliota manyoya mgongoni, sauti ikawa nzito kama ya fisi, akawa analinda watoto waliopotea humo wasichukuliwe na kitu kibaya kuliko yeye. Katika ukurasa wa mwisho amesimama ukingoni mwa vichaka, anasikia honi ya treni, anatamani kwenda kwao, na miguu haitoki. Niliishia hapo kwa sababu sikujua cha kuandika baada ya hapo. Wasomaji walidhani nimewapa ahadi.

Walimpenda yule mnyama kuliko nilivyompenda mimi. Wanafunzi walimchora nyuma ya madaftari. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitabu na vifaa vya shule pale Singida mjini, alikuwa ananiambia kila nikiingia, "Mwalimu, mtoe yule mtu porini. Watu wananiuliza mimi, kama vile mimi ndiye niliyemfungia."

Nilijaribu kumtoa. Nakumbuka likizo nzima nikimwandikia safari ya kurudi nyumbani, na kila alipofika mlangoni hadithi ilikuwa ya uongo. Naisoma, naona kabisa kwamba ninambembeleza msomaji. Mwishowe niliandika kilichoandikika. Binti mmoja kati ya watoto aliowaokoa anakua, anaingia vichakani, anamvuta mpaka kwenye reli. Hapo manyoya yanaanza kumtoka, anarudi kuwa mtu, na anakufa akiwa mtu, kichwa chake mikononi mwa binti.

Kitabu kilipofika mjini watu walikinunua kwa furaha, na baada ya muda mfupi wakaanza kunilaumu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa akinisalimia kwa uchangamfu, akawa ananipa shikamoo huku anatazama ukuta. Simu yangu ilijaa sauti za watu nisiowajua. Mmoja alisema tu, "Mwalimu, umetuonea," akakata. Yule wa bodaboda alinipeleka mjini bila neno, na tulipofika akaniambia bila kunitazama kwamba amekisoma.

Nilipoingia dukani, mzee yule alikuwa na malalamiko yake.

"Jana mama mmoja amekuja kurudisha kitabu. Anasema ni kibovu. Nikakifungua, nikakikagua, nikamwambia mbona kizima. Akasema zile kurasa za mwisho ndizo mbovu."

"Ukafanyaje?"

"Nimempa kalamu mbili akaenda zake." Alinitazama juu ya miwani. "Lakini mwalimu, mimi mwenyewe nimelia. Mke wangu ameniuliza nani amefiwa."

Nilicheka, naye akacheka, lakini nilirudi Ilongero nikiziwaza zile kurasa mbovu. Nilijiambia ni hadithi tu, na mwandishi hawezi kuomba ruhusa kwa kila msomaji. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na mtu asiye na wasiwasi hana haja ya kujirudiarudia.

Kisha akanipigia mtu wa Itigi.

Alijitambulisha kuwa ni muuza asali karibu na stesheni, na namba yangu ameipata kwa yule mwenye duka. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kabla hajasema kosa.

"Mwalimu, nimekukosea. Nimebadilisha kitabu chako."

Akaeleza. Mama yake ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, hivyo yeye ndiye humsomea mchana wakishamaliza kazi. Kitabu cha kwanza walikisoma mpaka kikachanika. Walikisubiri cha pili miaka yote hiyo. Alipofika mwisho, akaona kinachokuja, akashindwa. Akafunga kitabu akaendelea kwa kichwa chake: binti anamtoa yule mrina vichakani, anampeleka kwao, mama yake anampokea mlangoni. Mama akafurahi kupita kiasi. Akawasimulia majirani. Binti wa jirani, ambaye anasoma shule na amekisoma mwenyewe, akamwambia, "Bibi, mbona alikufa?"

"Sasa haniamini mimi, wala hamwamini yule binti," alisema. "Anataka umwambie wewe."

"Nimwambie mwisho ni upi?"

"Ndiyo. Lakini kuna jambo. Kaka yangu mkubwa aliingia vichakani kurina asali, hakurudi. Ni zamani. Walimtafuta, hawakuona hata kiatu. Mama anaamini umemwandika yeye."

Nilikaa kitandani. Sikuwahi kumsikia mtu huyo. Nilipoanza kuandika kitabu cha kwanza, Itigi nilikuwa nimeipita kwenye treni tu, nikaona vile vichaka vimesongamana mpaka macho hayapenyi, nikaogopa, na ule woga ndio nikauandika. Na bado, nilipomsikiliza, nilihisi kama mtu aliyekutwa na kitu cha mwenzake mkononi.

Nilikwenda Jumamosi, nikapanda basi la Manyoni na kuunganisha lingine mpaka Itigi. Alikuja kunipokea na baiskeli, mtu mrefu, wa rika langu, mkimya. Alibeba mkoba wangu kwenye keria, tukatembea hadi nyumbani kwao, nje kidogo ya mji. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa jiko, anapepeta mtama kwa ungo. Alikuwa mdogo wa umbo, na mikono yake haikusimama hata nilipokaribia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa kitabu?"

"Ndiyo, mama."

"Sauti yako ndogo. Nilidhani utakuwa mtu mkubwa."

Aliniuliza habari za safari, za nyumbani, za mvua za Ilongero, za wazazi wangu kama wako hai. Tulimaliza salamu zote kama inavyotakiwa. Kisha akaweka ungo chini.

"Mwanangu ulimwona wapi?"

Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama, na macho yake yaliniomba kitu, lakini sikuweza kujua ni kipi kati ya viwili, niseme kweli au nidanganye. Ningeweza kusema niliwahi kusikia habari zake stesheni. Lilikuwa neno moja tu, na lingempa faraja. Lakini nilikuwa nimeacha kazi zangu nikaja mpaka pale kwa sababu mtu mmoja alikuwa tayari amemdanganya kwa mapenzi, na mambo yalikuwa yamefika hapo yalipofika.

"Sikumwona, mama. Yule wa kitabuni nimembuni."

"Amemtunga kichwani," mwanawe akamwelewesha.

"Hata ule mluzi wake anapoingia porini?"

"Hata huo, mama."

Kuku walikuja kula mtama uliomwagika, hakuwafukuza.

"Basi warina wote hupiga mluzi," alisema mwishowe, kama anajisemea. Kisha akanigeukia. "Nisomee anavyokufa. Usiruke."

Nilisoma. Nimewahi kusoma kazi zangu mbele ya watu, darasani na hata kwenye ukumbi mjini, lakini sikuwahi kuona aibu kama siku ile. Kila sentensi niliyokuwa nikijivunia ilisikika kama mapambo. Nilikuwa nimeandika kifo kizuri kwa ajili ya watu wanaopenda kutishwa wakiwa wamejilaza kwenye kochi, na sasa nilikuwa namsomea mwanamke ambaye hajawahi kuambiwa mtoto wake alikufaje, wala kama alikufa. Nilitaka kuruka maneno. Sikuruka.

Nilipofika kwenye reli alininyooshea mkono.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Yule binti alikuwa amemshika kichwa."

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Alilia bila sauti, machozi yakishuka tu, naye hakuyapangusa. Alipomaliza alisema jambo kwa Kigogo. Mwanawe hakutafsiri mpaka mama alipolirudia kwa ukali.

"Anasema nikamwite katekista," alisema. "Anataka tuweke msiba."

Ibada ilifanyika siku chache baadaye, na waliniita, nami nikaenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa kukimbia. Majirani walijaa uani. Wanawake walipika ugali na mlenda, wanaume waliokuwa wakirina asali na marehemu walikaa pamoja upande mmoja wakikumbushana vituko vyake. Wajomba walitoka Manyoni. Katekista wa kigango alisoma sala, akamtaja marehemu kwa jina, na hapo ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza. Nililirudia moyoni, na sitaliandika hapa. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, walisimika msalaba wa mbao kando ya kaburi la baba yake, na mama akaongozwa kwenda kuushika.

Watu walinijia mmoja mmoja kunishika mkono. Mama mmoja aliniambia, "Ahsante, mwalimu. Miaka yote hii alikuwa hali vizuri. Umemfungua." Nilisema ahsante. Walinipa kiti cha mbele, wakanipakulia nyama kabla ya wajomba, na kila heshima iliyoongezwa ilinikalia vibaya, kwa maana sikuwa nimefanya jambo lolote kwa ajili yao. Nilikuwa nimeua mtu wa kubuni ili kitabu kiishe vizuri.

Watu walipoanza kutawanyika, nilimtafuta yule muuza asali nimuage. Nilimkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amefungua mlango wa chumba kidogo cha uani, ananisubiri.

"Ingia uone," alisema.

Kilikuwa chumba kisafi. Kuta zilikuwa zimesiribwa upya kwa udongo, sakafu imepigwa vizuri, na kulikuwa na kitanda cha kamba na shuka jipya ambalo bado lina mikunjo ya dukani.

"Mama ndiye aliyetaka?" niliuliza. "Uliposema yule mrina amerudi?"

"Mama hajui. Haingii huku." Alipitisha kiganja ukutani. "Nilikisiriba mimi. Nilipomsomea ule mwisho wangu, nilijisikia vizuri sana. Kesho yake nikachota udongo. Sikujua nafanya nini, nilifanya tu."

Niligusa ile mikunjo ya shuka.

"Nikienda porini huwa napiga mluzi wa kaka, sio wangu. Ili akisikia ajue ni nani." Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kazi yake. "Leo wajomba wameniambia niache. Wamesema ameshaombewa, sasa nisimsumbue."

"Samahani," nilisema.

"Ulishindwa nini kumwacha hai, mwalimu? Ilikuwa kalamu yako."

"Nilijaribu. Kila nilipomfikisha nyumbani, hadithi ilikataa."

"Hadithi," alisema. Hakusema kwa dharau. Alilitamka tu hilo neno, akalitazama lilivyo, kisha akatoka nje, akanibebea mkoba, akanisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipokuja alinishika mkono na kunitakia safari njema, kwa adabu zote. Niliona wazi kwamba hangenipigia tena.

Hajanipigia. Niliwahi kumwandikia ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine mfupi wa kumjulia hali, akajibu kwamba wote wazima. Wasomaji wengine wamekwishapoa. Baadhi sasa wanasema mwisho ule ndio mzuri kuliko yote. Mchapishaji ameniuliza kama kuna cha tatu, akaongeza kwamba katika riwaya za aina ile mfu anaweza kurudi bila mtu kushangaa. Nilimwambia nitafikiri. Nimeshakaa mezani zaidi ya mara moja na karatasi mbele yangu, nikijua kabisa ni nani nataka kumwandikia kitabu hicho, na kwamba kikiandikwa nitakuwa nimemkosea mama yake.

Mama ndiye hunipigia. Huazima simu ya yule binti wa jirani, kwa kawaida Jumapili baada ya kanisa. Ananiuliza habari za shule na kama nimekula, ananisimulia bei ya mtama, na siku hizi anacheka. Huwa simuulizi habari za mwanawe, yule muuza asali, mpaka tunapokaribia kuagana.

"Hayupo," huniambia. "Ameenda porini."

"Na wenzake?"

"Peke yake."

Kisha hunitakia wiki njema, nami humwambia shikamoo mara ya pili, kwa kukosa neno lingine, naye huitikia.