Vidole Viwili vya Chuma

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Alhamisi moja katikati ya masika, Efraimu Nkya anaivuta pikipiki yake kuukuu juu ya stendi kubwa, ile ya katikati inayoinua gurudumu la nyuma. Anafunga madumu mawili ya maziwa upande wa kulia. Kabla hajayagusa ya kushoto anasema kifua kinambana, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Saa tatu asubuhi anafariki njiani kuelekea hospitali.

Jioni, waombolezaji wamejaa uwanjani na pikipiki bado imesimama palepale, madumu mawili upande mmoja, upande wa pili mtupu. Hakuna aliyekumbuka kuyashusha.

"Wanasema nililia sana siku ile," anasema mkewe, Magreth. "Mimi ninachokumbuka ni pikipiki. Uzito wote upande mmoja, na haikuanguka."

Magreth ana miaka 47. Anaishi kwenye mteremko juu ya Kwa Sadala, wilayani Hai, ndani ya kihamba, shamba la ukoo la migomba, alimozikwa mumewe. Kila asubuhi hukusanya maziwa ya kaya kumi na moja, huongeza ya ng'ombe wake wawili, zikatimia lita themanini, na kuyafikisha kwenye kituo cha kupokelea kabla ya saa moja na nusu. Akichelewa, geti limefungwa.

Kazi hiyo ilikuwa ya Efraimu. Magreth aliishika wiki mbili baada ya mazishi, kwa kuwa aliwahi kujifunza kuendesha mwaka mumewe alipovunjika mguu. "Ng'ombe hana matanga," anasema. Siku nzuri, akitoa gharama ya mafuta ya pikipiki, hubaki na shilingi elfu tisa. Ndizo zinazomsomesha binti yao, Pamela, chuo cha ualimu Dodoma.

Kituoni wapo vijana wa kushusha. Nyumbani hana wa kumshikia, na uwanja wake umeinama. Ukiegesha pikipiki hapo, mlima unabaki kuliani na bonde kushotoni. Efraimu aliwahi kuusawazisha. Masika yaliyofuata ng'ombe wakalala ndani ya maji. Akaurudishia mteremko wake, akaigeukia pikipiki. Aliuongeza mguu wa kushoto wa stendi kwa kipande cha chuma chenye urefu wa vidole viwili, akakichomelea mwenyewe. Pale uwanjani pikipiki ilisimama wima. Kokote kwingine ilisimama kama mlevi.

Mwezi Juni stendi ilikatika penye tundu la pini, maziwa yakamwagika. Hapo ndipo Magreth alipoanza kujuana na mafundi.

Wa kwanza, wa palepale Kwa Sadala, aliichungulia na kucheka. "Mama, siku hizi nani anatumia stendi kubwa? Toa hiyo kitu, inakuongezea uzito tu." Alipokataa, fundi akaichomelea huku anaongea na simu. Siku ya nne ikakatika tena, maziwa yakamwagika tena.

Akajaribu stendi ndogo ya pembeni na kuiwekea jiwe. Jiwe likakimbia. Alishikilia pikipiki kwa nyonga, kwa goti na kwa sala, mpaka jirani aliyekuwa akipita akamwokoa.

Ndipo akaelekezwa Soweto, Moshi mjini, kwa Fredy Tarimo, fundi mwenye sifa ya kufufua pikipiki ambazo wengine wamezikatia tamaa. Na kweli, Fredy alifanya kazi safi. Alitoboa tundu upya, akaweka bushi, pini na springi mpya.

"Shikamoo mama. Imepona hiyo," alimwambia alipoifuata. "Halafu nimekupa na ofa."

"Marahaba. Ofa gani?"

"Mguu mmoja ulikuwa mrefu, sijui nani alikuharibia. Nimeukata, nimeinyoosha. Hiyo hela silipishi."

Magreth anasema hakuelewa mara moja. Alikuwa amechoka, na pikipiki ilikuwa imesimama vizuri kwenye sakafu ya Fredy.

Asubuhi yake alipakia madumu ya kulia. Ikatulia. Akapakia la kwanza la kushoto. Alipofunga la pili, pikipiki ikaelekea bondeni taratibu, kama mtu anayekwenda kulala. Lita arobaini zikashuka na mtaro hadi kwenye migomba.

Ilikuwa hasara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Jioni akaja mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, Ruth Lema, ambaye wote humwita Mama Godbless.

"Pole tumekupa, na tutaendelea kukupa," alisema. "Lakini pole haijazi dumu, Magreth. Yupo kijana wa bodaboda anayataka haya maziwa. Nimewaambia wanachama wasubiri Jumatatu. Jumatatu ukikosa, siwezi tena kukutetea."

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake, alipotoka kituoni, Magreth aliteremka hadi Soweto.

"Nani alikutuma?" alimuuliza Fredy kabla ya salamu.

"Mama, si nilikusaidia! Ilikuwa inalala upande."

"Kwako inalala. Kwangu inasimama!"

"Sasa mama, pikipiki ni moja, itasimamaje kwako tu? Sawazisha uwanja, yaishe."

"Usinifundishe uwanja wangu. Njoo upime."

"Mimi ni fundi, siyo daktari wa kutembelea wagonjwa majumbani."

"Basi nipe kipande changu."

"Kipi?"

"Ulichokikata."

Fredy alitazama kona anapotupa vyuma chakavu. Palikuwa peupe, mnunuzi wa skrepa alikuwa amepita. "Kilikuwa chuma tu, mama," alisema.

"Aliyekichomelea amekufa," alisema Magreth, akawasha pikipiki.

Jumapili mchana, baada ya ibada, Fredy alitokea uwanjani amebeba begi la spana, na mkononi jani la sale. Ni jani ambalo Mchagga aliyekosa humpelekea aliyemkosea, na si rahisi kulikataa. Magreth alilitazama, kisha akatazama ua wake wa masale pale langoni.

"Hilo umelikata wapi?"

"Hapo nje, mama."

"Kwenye ua wangu? Yaani umekuja kuniomba radhi, na umenikatia tena kitu changu?"

Kwa mara ya kwanza tangu Juni, anasema, alitamani kucheka. Alilipokea jani, akaingia ndani, akatoka na bakuli la bluu lenye maji. Akaliweka juu ya kiti cha pikipiki.

"Hicho nini tena?" Fredy aliuliza.

"Efraimu alipima hivi. Maji yakilingana na ukingo, imesimama."

"Fundi gani anapima na bakuli?"

"Fundi wa hapa."

Fredy alipiga magoti kwenye udongo, akawa anapachika vipande vya mbao chini ya mguu wa kushoto, kimoja baada ya kingine, hadi maji yakalingana. Akaweka mkono pembeni ya mbao.

"Vidole vitatu."

"Viwili," alisema Magreth.

"Vitatu, mama. Njoo uone."

"Pima tena."

Akapima. Vitatu. Fredy akaukagua uwanja, akamwonyesha mizizi iliyobaki wazi upande wa bondeni. Masika ya mwaka huu, yale yale aliyofia Efraimu, yalikuwa yamechukua udongo.

"Hata kile kipande kisingetosha sasa," alisema kwa sauti ya chini.

Magreth alimwaga maji, akajaza mengine. "Pima mara ya mwisho," alisema.

Jioni ile waliteremka pamoja hadi Soweto. Badala ya kuchomelea kipande kigumu, Fredy aliuwekea mguu wa kushoto nati na boliti nene yenye kitako, ambayo ukiizungusha mguu unarefuka au unafupika. Hakutaka hela. Magreth alimlipa hivyo hivyo. "Sitaki ofa zako tena," alimwambia.

Jumatatu alifika kituoni saa moja na dakika kumi, lita themanini kamili. Mama Godbless alikuwa amesimama getini. Alihesabu madumu, akaenda zake.

Sasa Magreth amepanda majani ya tembo upande wa bondeni ili yashike udongo, na anatarajia yatakuwa yametoa mizizi ya kutosha kabla ya masika yajayo. Spana namba kumi na saba inaning'inia kwenye msumari mlangoni mwa zizi, karibu na bakuli la bluu. Hupima kila Jumapili kabla ya ibada. Wiki iliyopita ilikuwa bado vidole vitatu.